Mtani Aliponiambia Mama Anakufa, Nilicheka

Siku nilipoambiwa kwamba mama yangu anakufa, nilicheka mpaka nikaegemea mlango.

Sikuwa chizi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, akili timamu, na nilicheka kwa sababu nilichoambiwa kilinifurahisha.

Kabla hamjaanza kunitukana huko chini kwenye maoni, someni mpaka mwisho. Matusi mtakayobaki nayo nitayapokea yote, maana mengi nimeshajitukana mwenyewe.

Naitwa Fatu. Mzigua wa Misima, Handeni. Ninayosimulia yalitokea mwaka sabini na nne kuingia sabini na tano, wakati wa Operesheni Vijiji.

Waliokuwepo wanakumbuka. Ambao hamkuwepo, ilikuwa hivi: lori lilikuja asubuhi, likabeba vitanda, kuku, mitungi na watu, likatumwaga kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Nyumba tuliyoiacha ikaezuliwa paa ili tusije tukapata hamu ya kurudi.

Jina la kijiji naliweka kapuni. Kuna watu bado wanaishi pale, na wengine wao nitawasema hapa.

Lori letu lilikwenda huku, lori la akina Mwaija likaenda kule. Mwaija ndiye aliyekuwa somo wangu.

Kwa vijana wa siku hizi: somo ni mwanamke anayemfunda msichana akivunja ungo. Kwetu mambo ya mwili mama hamwambii bintiye. Hedhi, ndoa, uzazi, maziwa, yote hayo ni kazi ya somo au ya bibi. Mama akiyasema kwa kinywa chake, anajivua nguo mbele ya mwanawe.

Bibi yangu alikuwa ameshakufa. Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Somo wangu ndiye huyo, kapelekwa mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Halafu mama yangu, Swaumu, akaugua titi.

Alilificha miezi mingi chini ya kanga. Kilianza kidonge, kikawa jiwe, jiwe likapasuka. Mimi niliambiwa ni jipu. Majirani walisema donda ndugu. Wengine walisema amerogwa na wenyeji wa pale kwa kuwa tumepewa shamba lao.

Jembe likamshinda. Kwenye shamba la kijiji majina yaliitwa kila asubuhi, na jina la mama lilipoitwa palikuwa kimya.

Siku moja mkutanoni mwenyekiti akasimama, akasema kijiji hakiwezi kulisha kupe.

Kupe. Wakati ule hilo lilikuwa tusi kubwa, mtu asiyefanya kazi na anakula jasho la wenzake. Watu wakageuka kututazama. Mama alikuwa amekaa pembeni kabisa, upande ambao upepo ungepeleka harufu yake porini. Alikuwa amechagua mahali hapo mwenyewe.

Mimi niliona aibu. Si aibu ya kumwonea mama huruma, hapana. Niliona aibu kuwa mtoto wake.

Maana harufu ile, jamani, sijui niwaelezeje. Ilikuwa kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele zangu. Wasichana wenzangu kisimani walikuwa wakiniona wanajifanya wana haraka.

Nikaanza kulala jikoni. Nikasema ndani kuna joto. Mama hakubisha, akanipa mkeka.

Mjomba wangu Isihaka, kaka yake mama, akampeleka hospitali Korogwe. Wakakaa siku nne. Waliporudi mama alikuwa na furushi la bandeji na vidonge vya maumivu, na mjomba alikuwa hanitazami usoni.

"Daktari amesemaje, mjomba?" nikamuuliza.

"Amesema apumzike."

Basi. Nikaona mama sasa kapata cheti cha kunituma zaidi.

Sasa sikilizeni. Baada ya ile safari mama alijaribu kuniambia. Mimi leo najua alijaribu. Wakati ule niliona anataka kunisumbua tu.

Mara ya kwanza nilikuwa nachambua choroko.

"Fatu, kaa hapa."

"Nimekaa, mama."

"Nina neno nataka kukwambia."

Nikangoja. Mama akaangalia mikono yangu, akaangalia ungo, akavuta kanga yake kifuani.

"Hizo choroko zina mawe. Chambua upya."

Nikachambua upya huku namlaani moyoni.

Mara ya pili aliniita, akaniuliza kama nakumbuka njia ya kwenda kwa akina Mwaija. Nikasema sikumbuki na miguu inaniuma.

Mara ya tatu aliniita nikiwa natoka kisimani, nikajibu, "Nini tena?" Akanipiga na mwiko. Halafu akalia yeye, aliyepiga. Nilimwona mama yangu kama mtu aliyechanganyikiwa, nikaenda zangu.

Desemba majibu ya darasa la saba yakatoka. Nimechaguliwa kidato cha kwanza, Korogwe. Msichana peke yangu kijiji kizima.

Kijiji kikapiga makofi. Mwenyekiti yuleyule wa kupe akanipa mkono mbele ya watu, akasema mimi ni matunda ya ujamaa. Mama alikuwa mlangoni, anashikilia mwimo, anacheka. Nikamwomba Mungu mama asisogee karibu.

Ndiyo. Niliomba hivyo.

Sasa nimlete Grasiana.

Grasiana alikuwa Mnyamwezi. Yeye na mumewe walikata mkonge miaka mingi kwenye mashamba ya Korogwe. Mume akafa, kazi ya mkonge ikadorora, akaja kutafuta ardhi kijijini kwetu. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na kichaka cha mbaazi.

Na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Kama hujakulia kwenye utani huwezi kuelewa. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakutukana, anachukua kuku, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Dawa ya mtani ni kumrudishia tusi kubwa kuliko alilokupa.

"Nyie Wazigua," Grasiana alikuwa akianza kutoka kwenye mbaazi, "hata njaa ikija inawakuta mmelala!"

"Na nyie wachukuzi mlikuja na mizigo kichwani mkasahau njia ya kurudi!" mama anajibu.

Na vifo vilikuwa ndiyo utani wao mkubwa. "Swaumu, ukifa nachukua kanga zote." "Hufiki, Grasiana, wewe nitakufukia mimi, tena kwa jembe la kuazima." Utani wa namna hiyo nimekua nao, maana hata Misima watani walikuwepo. Nilijifunza kujibu kabla sijajifunza kusoma, na nilikuwa hodari. Watu walikuwa wanaita wenzao waje kunisikiliza.

Kwa hiyo siku ile, wiki mbili kabla ya shule, Grasiana alipokuja, mimi nilikuwa tayari.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, kwa kuwa mwaka ule mvua ilitukimbia. Jiko letu lilikuwa limeegemea nyumba, ukuta mmoja wa miti na udongo, na udongo wenyewe ulikuwa haujakauka vizuri, una nyufa.

Grasiana hakupiga kelele kutoka kwenye mbaazi. Akaingia, akavuta kigoda, akakaa. Nikajua leo kaja na tusi zito, analipanga.

"Fatu," akasema. "Mama yako anakufa."

"Karibu mtani. Na wewe unangoja nini?"

"Nisikilize. Ana kansa. Iko kwenye titi, imeingia ndani. Daktari wa Korogwe amesema mwezi wa nne hafiki."

Ndipo nilipocheka.

Hebu jiwekeni mahali pangu. Kansa! Neno lenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile, nikadhani ni neno la kwao Tabora. Na hilo la kutaja mwezi kabisa, kama mtu anayetangaza ratiba ya treni, wallahi niliona kapatia. Nikaegemea mlango, mwiko mkononi, machozi yananitoka.

"Kanga umeshazigawa?" nikamuuliza.

"Fatu, sikutanii."

"Wala mimi sikutanii!"

Maana "sikutanii" ndilo neno la kwanza la mtani yeyote anayeijua kazi yake.

Grasiana akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaona ananiongezea ugumu, na mimi sikubali kushindwa na Mnyamwezi jikoni kwetu. Nikatafuta tusi. Sikuhangaika kulitafuta, lilikuwa limekaa tayari mdomoni.

"Basi kamwambie afe upesi," nikasema, tena kwa sauti, "kabla shule haijafunguliwa, tupumue. Harufu imetumaliza humu ndani. Na akichelewa akafa nikiwa Korogwe, msiniite. Sipandi basi kuja kuzika donda!"

Grasiana akaachia mkono wangu.

Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Umeshindwa!" nikampigia kelele. "Mtani, leo nimekushinda!"

Nilikuwa na furaha siku nzima. Jioni kisimani niliwasimulia wasichana, neno kwa neno, wakacheka wakamwaga maji. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hawakuwa na haraka.

Tangu siku ile mama akabadilika. Hakunigombeza tena. Hakuniita nikae. Nikiingia kumpa uji anasema ahsante, kama mgeni. Nikasema afadhali, anaanza kupona.

Siku ya kuondoka nikasimama mlangoni na sanduku la bati kichwani. Sikuingia ndani. Nilikuwa nimefua sare, sikutaka ishike harufu.

"Mama, nakwenda."

"Nenda, ukasome."

"Likizo nitakuja kukuona."

"Usijisumbue," akasema.

Nikaona ni wema. Nikashika njia ya kituo cha basi.

Shuleni nilikuwa na raha, siwadanganyi. Kitanda, wali Jumapili, marafiki wasionijua kwetu. Mwezi wa nne nilipata barua ya mjomba Isihaka, mistari mitano. "Huku sisi sote hatujambo, hofu ni kwako tu. Soma kwa bidii." Nikaisoma, nikaiweka, nikaenda kucheza netiboli.

Mwezi wa sita nikarudi likizo.

Mlangoni kwetu palikuwa na mwanamke mwingine, ananyonyesha. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akaniangalia, akaniuliza, "Mama yupi?"

Nikakimbia kwa mjomba. Nilimkuta uani anasuka mkeka. Hakuniambia nikae.

"Tulimzika mwezi wa tatu," akasema.

"Na barua yako? Uliniandikia mwezi wa nne sote hatujambo!"

"Tulikuwa hatujambo. Waliobaki."

Nikapiga kelele. Nikamwita majina ambayo mtu hamwiti mjomba wake. Akaningoja nimalize, akiendelea kusuka.

"Mama yako alikataza usiitwe," akasema. "Nilimbishia. Akasema umejibu mwenyewe, kwa kinywa chako, wewe hutaki kuja kuzika donda. Na mimi mjomba wako ni nani nikulazimishe?"

"Mjomba, ule ulikuwa utani! Nilikuwa namjibu Grasiana!"

"Kamuulize huyo Grasiana wako," akasema. "Maana na yeye ana vituko. Siku ya mazishi jeneza lilipoletwa uwanjani likiwa bado tupu, alikwenda akajilaza ndani yake, akasema tumzike yeye kwanza. Si unawajua watani? Watu hawana mbavu. Akagoma kutoka, wanaume wanne wakamtoa kwa nguvu, anarusha mateke. Hata mwenyekiti alicheka."

Nikapita kwenye mbaazi. Grasiana alikuwa anatwanga. Aliponiona akaacha mchi ndani ya kinu, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Uliwachekesha kwenye maiti ya mama," nikamwambia.

"Sikuwa nawachekesha," akasema. "Nililala kwenye jeneza kwa kuwa nilitaka kulala kwenye jeneza."

Halafu akanieleza, mimi nimesimama, yeye amekaa.

Mama alikuwa ameshindwa. Kila akitaka kuniambia, titi linamfunga mdomo. Angeanzaje kumtajia binti yake titi lake? Bibi hayupo, somo kapelekwa mbali, na mwili wake haukuweza mwendo wa siku nzima. Mjomba ni mwanamume, hawezi kutaja kitu hicho mbele ya mpwa wa kike. Kijiji kizima, aliyeruhusiwa kutaja lolote mbele ya mtu yeyote ni mmoja tu. Mtani.

"Akanituma," Grasiana akasema. "Akaniambia, 'Kamwambie kila kitu, usimfiche. Akitaka kubaki mpaka nife, abaki. Akitaka kwenda shule, aje kwanza aniage. Nataka tu aje akae na mimi akiwa anajua.'"

"Mbona hukuniambia umetumwa?"

"Ulinipa nafasi?"

"Na mama alikuwa wapi?"

Grasiana akafuta uso kwa kanga. "Nyuma ya ule ukuta wa jiko. Amekaa chini, mgongo kwenye udongo. Alitaka akisikia unalia, aje akushike."

"Nilipozunguka nyuma nilimkuta macho makavu," akaendelea. "Akaniuliza, 'Grasiana, mtoto amesema kwa utani au kwa kweli?' Sasa mimi, Fatu, mdomo wangu huu tangu nimjue mama yako haujawahi kumwambia neno lililonyooka. Sikujua pa kuanzia. Nikaona nikimchekesha tutapita. Nikamwambia, 'Kweli tupu, Mzigua wewe, na kitanda chako anakitaka.'"

"Akacheka?"

"Hakucheka. Akasema, 'Basi msimwite.'"

"Ukamwacha hivyo hivyo!"

"Kesho yake nikarudi. Nikapiga magoti mbele yake, mimi, nikamwambia Swaumu, yule mtoto alidhani namtania, mwite mwenyewe uzungumze naye. Akanijibu, 'Grasiana, usinifundishe sauti ya mwanangu.'"

Hapo ndipo nilipomrukia Grasiana. Nilimkwaruza uso, nilimng'oa hereni. Hakujikinga. Nilimwambia amemuua mama yangu mara mbili, na kwamba utani wa kabila langu na lake umeishia pale. Akasema ndiyo. Kila nililomwambia alisema ndiyo.

Nilirudi shule. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Miaka yote hiyo nikiulizwa habari za mama yangu nilikuwa na hadithi yangu tayari: mtani mmoja Mnyamwezi alileta ujumbe kwa njia ya mzaha, mimi mtoto nikajibu mzaha, mama akaelewa vibaya. Watu wananihurumia. Wanasema masikini, ilikuwa bahati mbaya, hukuwa na kosa.

Grasiana alikufa na lawama zangu. Aliniletea salamu mara mbili kabla ya kufa, sikwenda.

Sasa nina miaka sitini na zaidi, na niwaambie nilichomficha kila mtu, hata mume wangu.

Hakuna aliyeelewa vibaya.

Ni kweli sikujua kwamba mama anakufa. Hilo nilidhani ni utani. Lakini ile kwamba harufu imetumaliza, ile kwamba tupumue, ile ya kutokutaka kupanda basi, hayo sikuyatunga. Nilikuwa nimelala nayo jikoni miezi mitatu. Utani ulinipa ruhusa tu ya kuyasema kwa sauti, tena kwa makofi. Mama alikuwa amenizaa, amenilea peke yake, anaijua sauti yangu nikidanganya na nikisema kweli. Aliisikia kupitia ukuta, akaijua. Grasiana alimtetea mtoto asiyestahili kutetewa, na mimi nikamng'oa hereni.

Kwa hiyo mama unayesoma hapa, uliyetoka hospitali umeambiwa muda ni mfupi, na nyumbani una mtoto wa miaka kumi na tano anayekununia na kuziba pua. Usimtume shangazi. Usimtume shehe wala mchungaji. Usimwachie jirani mcheshi. Aibu unayoiona kutaja mwili wako mbele yake ni ndogo sana, nakuapia, kuliko kitakachofuata ukimwachia mtu mwingine.

Mwite, funga mlango, mwambie kwa kinywa chako ni ugonjwa gani na uko wapi. Akijibu neno baya, na anaweza kujibu, mzabe kofi, halafu mwambie tena. Mimi kofi hilo nililistahili, na wote walioweza kunipiga walinionea huruma.